Orodha ya Sindano Moja

Watu wawili walikuja barazani Jumatatu asubuhi wakimtafuta Mukabaranga Vérène, na mtaa mzima wa Gitega hapakuwa na mtu aliyeitwa hivyo.

Walisalimu vizuri, hilo tuwape. Mmoja alivaa koti la mvua la kijani, mwenzake alishika karatasi iliyokunjwa mara nne. Baraza lilikuwa la duka la Gatera, na wanawake wa chama cha Sindano Moja walikuwa wamekaa pale kama kila siku: kumi na mmoja kwa jumla, wanne kwenye mashine, wengine wakishona kwa mkono. Yule wa karatasi akaikunjua, akasoma.

"Mukabaranga Vérène. Iko nakaa nyuma ya tanuri ya mikate, mlango wa tatu. Tumegonga pale, hakuna mutu. Munamujua?"

Mukandekezi, mwenyekiti wa chama, mwanamke wa miaka hamsini na mwili wa kuwatosha watu wawili, hakusimamisha mashine yake. "Hapa hakuna Vérène, watoto yangu. Mwende kuuliza Kimisagara. Kule watu iko mingi."

"Ni ndugu yetu."

"Ndugu yenu, na hamujue sura yake?"

Wa koti la kijani akacheka, mwenzake hakucheka. Wakaaga, wakaenda zao wakitazama milango.

Mama Shami alikuwa amekaa hatua mbili tu kutoka kwenye viatu vyao, akipinda gauni la komunyo la mtoto wa watu. Muda wote hakuinua kichwa. Walipokata kona alijaribu kusimama, akavutwa chini. Kumbe alikuwa amelishona gauni la komunyo pamoja na kitenge alichovaa.

"Ni mimi," akasema. "Vérène ni mimi."

Yaani miaka kumi na mitano ya kuazimana chumvi, na wenzake karibu wote hawakuwahi kulisikia jina lake. Si ajabu. Gitega mtu huitwa kwa mtoto wake, kwa kazi yake au kwa kilema chake. Jina la kitambulisho hukaa na kitambulisho. Alikuja mtaani akiwa bibi harusi wa Usumani, dereva wa malori, akasilimu, akamzaa Shami, na jina lake la zamani likazikwa hapo. Lakini Rwanda ya mwaka ule wa 1993, kutafutwa kwa jina la kitambulisho hakukuwa habari ya heri. Vita vilikuwa vimeshuka kutoka kaskazini, na watu waliovikimbia walikuwa wamepiga kambi karibu kabisa na mji. Na kila kitambulisho kilikuwa na mstari wa ubwoko, yaani kabila: Muhutu, Mtutsi, Mtwa, maneno yasiyokuhusu yamekatwa kwa wino. Kwenye cha Mama Shami, neno lililobaki bila kukatwa lilikuwa Mtutsi. Tangu vita vianze, watu wenye mstari kama wake walikuwa wakifuatwa majumbani, na si wote waliorudi.

"Nani anajua jina hiyo?" Mukandekezi akauliza, na sasa mashine aliisimamisha.

"Mama yangu. Na mama yangu iko Kibuye, hata njia ya kufika hapa haijui." Mama Shami akageuza macho polepole. "Na Mukasine."

Mukasine alikuwa katibu wa chama. Yeye alikuwa ameacha kushona tangu wale watu walipokuwa bado wamesimama pale. Nyuma ya tanuri ya mikate, mlango wa tatu: maneno hayo yalikuwa yake. Hakuna mtu mwingine Gitega ambaye angeielekeza nyumba ile hivyo. Watu husema kwa Usumani, basi, wamemaliza.

Tuseme ukweli, Mukasine alikuwa na maringo ya karatasi. Alisomea ukarani kwa masista, akapiga chapa miaka mitatu katika ofisi moja mpaka alipoachishwa, na ingawa siku hizi alitia vifungo kwenye mashati kama wenzake, barua ilipotakiwa mtaani aliitwa yeye. Barua zake hazikuwa na kosa. Pambizo lilinyooka, tarehe ilikaa mahali pake, kila mkubwa alitajwa kwa cheo chake kamili. Majirani walisema barua ya Mukasine inaingia ofisini bila kupiga hodi, naye alijifanya hasikii, lakini alisikia.

Mwezi wa kwanza Gatera aliwaambia kwamba Pasaka ikipita anachukua mashine zake nne na kuhamia Bujumbura kwa shemeji yake. Alikuwa mfanyabiashara, na wafanyabiashara hunusa mapema. Bila mashine, chama kilikuwa wanawake waliokaa kwenye baraza la watu. Ndipo zikaja habari za Mfuko wa Jirani, ofisi ya Wazungu kule Kimihurura iliyosaidia vyama vidogo. Unajaza fomu ya kurasa nne, unaandika barua ya maombi, anakuja mtu kuwatazama, na mkiwa na bahati mnapewa vifaa. Kwenye sehemu ya wanachama fomu iliacha mistari mitatu tu. Mukasine aliona huo ni uvivu wa Wazungu. Chama chenye watu kumi na mmoja kitajulikanaje kwa mistari mitatu? Akaazima taipureta ya parokia kwa siku mbili ili aambatishe orodha kamili. Épiphanie, mdogo kuliko wote chamani, alimsomea vitambulisho kimoja kimoja, naye akapiga: jina, namba, anapokaa. Kwa wasio na namba ya nyumba, yaani wote, alitunga maelezo mwenyewe, na yalimpendeza.

Basi orodha ilikwenda Kimihurura. Kwa akili ya Mukasine hapakuwa na mahali pengine ilipoweza kuvujia, na Kimihurura walikuwa wanamjua mtu mmoja tu.

"Ni yule wa Bukavu," akasema.

Wote wakaitikia kwa pamoja, kama watu waliokuwa wakisubiri ruhusa.

Yule wa Bukavu aliitwa Nsabimana. Ndiye karani aliyetumwa na Mfuko mwezi wa pili kuja kuwatazama, mtu mwembamba mwenye miwani na suruali iliyopigwa pasi kwa chuki. Mukandekezi alimwuliza mlima wa baba yake, yaani asili yake ni wapi, kama anavyoulizwa kila Mnyarwanda, naye akajibu kwamba alikulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, basi. Mtu asiye na mlima! Kisha akauliza maswali yake. Mnakaa mbali? Nani anakuja kila siku? Huyu ambaye hayupo leo yuko wapi? Kila jibu aliliandika kwenye daftari dogo alilolishika karibu na kifua ili jirani asione. Mukandekezi alimfungulia Fanta, akaionja kwanza yeye mwenyewe mbele ya macho yake, kama ifaavyo, mgeni aone kwamba haina kitu. Nsabimana akasema asante, ameshiba. Ameshiba Fanta! Tangu lini Fanta ikamshibisha mtu?

"Nilisema siku ile," Mukandekezi akasema sasa, akihesabu kwa vidole. "Mutu anakataa kinywaji ya watu, iko anajua chenye alileta."

Kila mmoja akakumbuka lake. Mmoja alikumbuka kwamba Nsabimana alihesabu milango wakati anaondoka. Mwingine alikumbuka kwamba hakucheka hata mara moja. Ukisikiliza ungedhani walikaa naye mwaka mzima, kumbe ilikuwa nusu saa.

Lakini shaka ikishapewa kiti kimoja hutaka na cha pili. Mchana, watu walipokuwa wanakula mihogo kimyakimya, Mukasine alijikuta akimtazama Épiphanie. Épiphanie alikuwa na kaka ambaye tangu mwaka mpya alikuwa akiandamana na vijana wa chama cha siasa, Jumapili mpaka Jumapili, kofia kichwani, filimbi mdomoni. Kikulacho ki nguoni mwako, Mukasine alijiambia, na akishaambiwa na nafsi yake, Mukasine hakuwa mtu wa kungoja.

"Épiphanie. Vitambulisho ulinisomea wewe."

"Nilikusomea. Wewe ukaandika."

"Na kaka yako anakula kwako kila Jumapili."

Épiphanie akaacha kutafuna. "Kaka yangu anakula. Hajasoma hata Biblia, atasoma orodha yako?"

"Kusomewa kunatosha."

Hakuna aliyemtetea. Hilo ndilo baya, kwamba hata Mukandekezi, ambaye alimfundisha Épiphanie kushika sindano, alitazama mihogo yake. Épiphanie akakusanya vitu vyake, mkasi, futi, mto wa kukalia. Machozi yalikuwa yanamtoka bila kelele.

"Miaka ine niko nashona na wewe, Mukasine. Ungeniuliza vizuri, ningejibu. Lakini wewe hauniulize. Umenihukumu."

Akaenda. Mukasine alijisikia ameshinda, na papo hapo akajisikia vibaya. Alikuwa na hofu, na alitaka hofu ile iwe na sura ya mtu. Mama Shami alikuwa kwenye pembe yake anafumua kitenge kwa wembe, uzi mmoja mmoja.

Jumanne asubuhi Mukasine alivaa viatu vyake vya ofisi, akashuka bondeni na kupanda upande wa pili hadi Kimihurura kwa miguu. Kitambulisho chake mwenyewe hakikuwa na shida. Askari walikiangalia njiani na kumpa bila kumtazama usoni mara ya pili. Njia nzima alikuwa akitunga maneno atakayomwambia Nsabimana, na yalikuwa makali.

Nsabimana alisimama alipomwona. Kwa mara ya kwanza akatabasamu.

"Bonjour, mama. Weye umefika kabla sijatuma mutu. Mumekubaliwa! Mashini sita, mpya, kisha Pasaka kupita."

Siku nyingine Mukasine angepiga vigelegele mpaka askari wa getini waje mbio. Sasa habari ile ilimpita kando.

"Orodha yetu umempa nani?"

Tabasamu likaondoka. Nsabimana akaenda kufunga mlango, na Mukasine akajiuliza kwa nini anaufunga, akasogea karibu na dirisha. Karani akatoa ufunguo mfukoni. Hakwenda kwenye kabati la mafaili. Alifungua droo ya meza yake, akainua vitabu viwili, na chini yake akatoa karatasi moja.

"Ni hii?"

Ilikuwa yenyewe. Pambizo lilinyooka kama siku alipoipiga.

"Siku hii karatasi ilifika, niliitoa kwa faili," Nsabimana akasema, sauti chini. "Mukubwa wangu hajaiona. Hakuna mutu ameiona. Fomu yetu inauliza hesabu ya watu na viongozi watatu, ni ivyo tu. Sasa ni mimi nataka nikuulize, mama. Hii mustari ya ine, nani alikuambia uiandike?"

Akaweka kidole. Jina, namba, anapokaa. Na pembeni, safu ya nne, imenyooka kama tatu za kwanza, ubwoko. Majina kumi na moja, na mbele ya kila jina herufi yake.

Mukasine alitazama kidole kile. Hakuna aliyemwambia. Fomu haikuuliza. Alipiga safu ile kwa sababu kila orodha aliyowahi kupiga maishani mwake ilikuwa nayo, ya wanafunzi, ya wafanyakazi, ya wagonjwa wa zahanati ya masista. Orodha isiyokuwa nayo ilirudishwa uifanye upya. Épiphanie alisoma alichokiona, yeye akapiga alichokisoma mwenzake, na wala hakufikiri. Vidole vilikwenda vyenyewe.

"Ulikuja ukauliza watu wanakaa wapi," akasema, maana alikuwa bado anatafuta pa kushika. "Ukaandika kwa daftari."

"Nilikuja kuona kama muko kweli. Vyama mingi ni vya karatasi. Niliandika paa iko navuja, mashini ni za mwenyewe duka."

"Ukakataa Fanta yetu."

Nsabimana akamtazama kama mtu asiyeamini alichosikia. "Niko na ugonjwa ya sukari, mama."

Mukasine akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Nsabimana akampa ile orodha mkononi, kisha akavuta faili la Sindano Moja, akafungua barua ya maombi, akaisukuma mbele yake mezani.

"Na hawa je?"

Chini ya barua, baada ya saini, palikuwa na neno moja lililopigiwa mstari: Bimenyeshejwe. Maana yake, hawa nao wamejulishwa. Rwanda hakuna barua inayotembea bila neno hilo. Hata ukiomba ruhusa ya kuzika, chini unawapanga wakubwa, kuanzia wa juu kabisa mpaka wa mtaani kwako, kila mmoja apate nakala yake, asije mtu kesho akasema amepitwa. Mukasine alikuwa amewapanga sita. Aliandika vyeo vyao kama mtu anavyosema amina: hakumbuki amesema mara ngapi, lakini asiposema sala haijaisha.

"Uliwapelekea?"

"Barua, ndiyo. Lazima wajue. Si wangesema tunafanya mambo kwa siri?"

"Barua peke yake?"

Alifungua mdomo. Alijiona siku ile ya mwezi wa kwanza, kaboni tatu kwenye taipureta, akapiga kila kitu mara mbili ili nakala zitoshe. Alijiona na mkoba wake, ofisi moja baada ya nyingine, siku mbili nzima, akimpa kila karani daftari la kusainia kwamba amepokea. Na nyuma ya kila barua alikuwa amebana orodha kwa pini, kwa sababu masista walimfundisha hivyo: nakala isiyokuwa na viambatisho si nakala.

"Na viambatisho," akasema.

Nsabimana akavua miwani, akaifuta kwa shati. Hakuonekana mtu aliyefurahi kushinda. "Basi, mama, hiyo karatasi haikutoka hapa."

Aliporudi Gitega hakwenda barazani moja kwa moja. Alipita kwanza kwenye ofisi ya mmoja wa wale sita, ile iliyokuwa karibu zaidi, akaomba arudishiwe nakala yake. Akasema ina makosa, anataka kuirekebisha. Karani wa pale alikuwa kijana mchangamfu. Alitafuta kwenye rafu, akatafuta kwenye trei, akarudi mikono mitupu.

"Haina kosa hata moja, mama, ile niliiona kwa macho yangu! Wakubwa waliisifu sana. Watu iko naandika orodha ovyo hapa, hata huwezi kujua mutu anakaa wapi. Yako iko safi. Kuna watu waliiomba, wakaichukua."

"Watu gani?"

"Aa, watu." Akatabasamu. "Kama kila mtaa ingekuwa na katibu kama wewe!"

Maisha yake yote Mukasine alikuwa ametamani kuambiwa maneno yale na mtu wa ofisi.

Kutoka pale hadi barazani ni mwendo wa dakika kumi, naye alitumia karibu saa nzima. Tusimfanye malaika. Njiani aliwaza kunyamaza. Lawama zilikuwa zimeshapata wenyewe, mmoja yuko Kimihurura na wala hajui, mwingine amekwenda kwao analia. Orodha moja alikuwa nayo kwenye mkoba. Angeichoma kwenye jiko, hakuna ambaye angeuliza. Angewaambia habari ya mashine sita, wangemshangilia. Nakala ni sita, hata yeye mwenyewe asingejua ni ipi iliyofika mikononi mwa wale watu wawili. Alilipanga jambo hilo vizuri, kama anavyopanga barua, na kadiri lilivyopangika ndivyo alivyoichukia akili yake.

"Ni yeye, eeh?" Mukandekezi alimwuliza kabla hajakaa. "Ni yule wa Bukavu."

Lilikuwa jibu la neno moja, limewekwa mkononi mwake.

"Hapana. Orodha niliitoa mimi."

Akawaeleza, akiwa amesimama. Akatoa daftari la kusainia, akalifungua kwenye meza ya mashine, saini sita na mihuri yake. Akaeleza na safu ya nne pia, ingawa hakuna aliyemuuliza, na akasema kwamba Épiphanie hakufanya kosa lolote, wala Nsabimana. Alipofika kwenye mashine sita mpya alizitaja haraka haraka, kwa aibu, kama mtu anayetaja deni.

Hakuna aliyeuliza ni mashine za aina gani. Kati ya wale kumi na mmoja, watano walikuwa na mstari kama wa Mama Shami. Mukasine aliwajua, maana aliwapiga chapa mwenyewe, na sasa aliona wakitazamana, wanawake ambao mpaka asubuhi ile hawakuwa na haja ya kujuana kwa hilo. Mmoja akaanza kukunja kitambaa chake. Wa pili akamfuata.

"Mashini sita," Mukandekezi akasema. "Na nani atakaa kwa hizo mashini, Mukasine?"

Mukasine akalifunga daftari la kusainia.

"Utaenda kwa Épiphanie. Leo, si kesho. Na hautapeleka barua, utapiga magoti." Mukandekezi akatazama pembe iliyokuwa tupu. "Lakini anza kwa Mama Shami. Leo hajakuja."

Nyuma ya tanuri ya mikate, mlango wa tatu ulikuwa wazi. Shami alikuwa ameshatangulizwa. Ndani palibaki godoro lililokunjwa na kufungwa kamba, sufuria mbili ndani ya beseni, na Mama Shami aliyekuwa anafagia chumba anachokihama, kwa sababu hakuwa mwanamke wa kuacha uchafu kwa watu.

Mukasine alimwambia yote palepale mlangoni. Mama Shami alisikiliza huku anafagia, akamaliza, akasimamisha ufagio ukutani.

"Nilijua ni maneno yako," akasema. "Toka jana nilijua. Mlango wa tatu! Nani mwingine anasema vile? Usiku kucha nilikuwa nawaza, Mukasine ameniuza. Ameniuza kwa nini, nimemukosea nini?" Akainama kufunga beseni kwa kanga. "Kumbe hukuniuza. Umenigawa bure."

"Nisamehe, dada."

"Kamata upande ule wa godoro."

Wakabeba. Walipita tanuri, wakapita kinyozi, Mukasine mbele, godoro katikati yao, na watu wakawasalimu kwa jina la Mama Shami nao wakaitikia. Alitaka kusema mengi. Alitaka kusema kwamba atamletea kazi za kushona huko aendako, kwamba akimtuma dukani atakwenda, kwamba Usumani akirudi safarini atamwelekeza mke wake alipo.

"Unakwenda kwa nani?" akauliza.

Alidhani hakusikika, akauliza tena.

Walikuwa wamefika penye njia panda, karibu na banda la makaa. Barabara moja ilishuka kwenda Kimisagara, ya pili ilipanda kwenda mjini, na kichochoro cha tatu kiliingia katikati ya nyumba. Mama Shami akasimama. Akalishusha godoro, akajitwisha mwenyewe, akaweka beseni kwenye nyonga.

"Hapa inatosha."

"Ni zito, wewe. Nikufikishe."

Mama Shami hakusogea. Alisimama chini ya mzigo wake, shingo imekaza, anamtazama rafiki yake wa miaka kumi na mitano kwa adabu kabisa, kama mtu anayengoja mgeni aondoke ndipo ale. Angesimama vile hadi jioni. Mukasine alielewa, na lilimuuma kuliko tusi lolote.

Akageuka, akatazama ukuta wa banda la makaa. Nyuma yake kandambili za Mama Shami zilianza kupiga ardhi. Zilikuwa na kelele zile kandambili, mtu angeweza kuzifuata kwa masikio tu akajua zimeshika njia ipi. Kwa hiyo Mukasine akaanza kukohoa. Alikohoa kwa nguvu, mfululizo, uso umeukaribia ukuta, mpaka kifua kikamuuma na machozi yakamtoka, na hata hapo akaendelea kidogo ili awe na hakika.

Muuza makaa alitoka bandani kumtazama. Akamwuliza anatafuta nini pale ukutani, na kama anataka maji.

Mukasine akamwambia hatafuti kitu. Kisha akamwuliza, bila kugeuka, kama barabarani hakuna mtu tena.